Tubebe kaiti kutoka Mwanza au tukodi Paje? Jibu kwa msomaji wa Ilemela

Msomaji mmoja wa Ilemela ameuliza hivi kuhusu kaiti, ule mchezo wa kuteleza majini juu ya ubao ukivutwa na tiara kubwa: "Mwalimu, shikamoo. Mwishoni mwa Juni, watoto wakiwa likizo, tunakwenda Paje kwa siku kumi: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka 14 na mdogo wake wa miaka 9. Tutapanda ndege hadi Dar es Salaam, kisha boti ya kwenda Unguja. Kaiti nilijifunza hukohuko Paje, na sasa ninaweza kwenda na kurudi mahali nilipoanzia bila msaada. Nina kilo 78. Rafiki yangu mgeni anayehama Mwanza ananiuzia vifaa vyake, ambavyo amekuwa akivitumia hapa ziwani: kaiti ya mita 12, kaiti ya mita 9, ubao, mpini wa kuongozea kaiti, na mkanda. Bei yake ni nzuri. Je, ninunue nibebe, au nikodi nikifika? Binti naye anataka kujifunza."

Marahaba, ndugu yangu. Kwa safari hii, kodi kaiti na ubao Paje, na kutoka nyumbani ubebe vile tu vinavyoukaa mwili wako: mkanda wa kiunoni, jaketi la kujiokolea, kofia ngumu na viatu vya majini. Vifaa vya rafiki yako ni suala jingine, nami nitalifikia mwishoni. Kwanza nieleze sababu zangu kwa kirefu, kwa kuwa sababu inayotajwa sana na watu, yaani gharama ya mzigo, kwa familia yako si ndiyo nzito kuliko zote.

Mzigo tuumalize upesi. Kaiti mbili, ubao, mpini, mkanda, pampu na begi lenyewe hukaribia kilo 20. Mashirika makubwa yanayoruka kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam kwa kawaida humruhusu abiria wa daraja la kawaida kilo 23 au pungufu kidogo, na ninyi mna tiketi nne, kwa hiyo kilo zenyewe hazitawashinda. Kinachosumbua ni umbo. Begi la ubao lina urefu unaokaribia mita moja na nusu, na mtu mmoja lazima alibebe peke yake kutoka uwanja wa ndege hadi kwenye gari, kutoka kwenye gari hadi bandarini, kutoka botini hadi kwenye gari jingine, kisha kilometa kama 50 hadi Paje, huku mkiwa na mtoto wa miaka 9 aliyechoka na mabegi mengine matatu. Mkiamua kuruka moja kwa moja kwa ndege ndogo badala ya boti, hali inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu ndege za aina ya Cessna Caravan mara nyingi hazimruhusu abiria zaidi ya kilo 15, tena katika mabegi laini. Na begi la kaiti likifungwa juu ya paa la gari mchana kutwa, gundi inayoshikilia vali za tyubu zinazojazwa upepo hulainika kwa joto, na hapo ndipo matobo mengi yasiyo na maelezo yanapozaliwa.

Sababu yangu ya kwanza iliyo nzito ni hewa. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 10. Nguvu ya kaiti inategemea ukubwa wa kitambaa, uzito wa hewa inayopita juu yake, na kasi ya upepo ikizidishwa kwa yenyewe. Kwa hiyo kaiti ya mita za mraba 12 ambayo rafiki yako ameizoea Mwanza, ikipelekwa Paje katika upepo wenye kasi ileile, itavuta kama kaiti ya mita 13 na zaidi ingalivyovuta hapa kwetu. Tofauti hiyo si ya kutisha kwa mtu mzoefu, lakini kwa mtu ambaye ndiyo kwanza ameanza kusimama bila mwalimu ni tofauti ya kweli, na huonekana zaidi pale upepo unapopanda ghafla.

Hesabu ya haraka ambayo wengi wetu tunaitumia ni kuzidisha uzito wa mwili kwa 2.2, kisha kugawa kwa kasi ya upepo katika noti, ambapo noti moja ni karibu kilometa 1.85 kwa saa. Jibu ni ukubwa wa kaiti kwa ubao wa kawaida. Kwa kilo zako 78 tunapata karibu 172. Upepo wa noti 14 unataka kaiti ya mita 12. Noti 16 zinataka mita 10 au 11. Noti 20 zinataka mita 8 au 9. Mwishoni mwa Juni kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, imekwisha kushika, na siku nyingi Paje hupata kati ya noti 15 na 20. Ukiyatazama maneno hayo kwa makini utaona kwamba ile kaiti ya mita 12, ambayo ndiyo kubwa na ndiyo inayopandisha bei ya vifaa vya rafiki yako, ingekaa begini siku nyingi za likizo yako, na ungebaki unatumia ya mita 9 peke yake hata siku ambazo ungehitaji mita 10 au 11. Kumbuka pia kwamba upepo ukitoka noti 14 kufika noti 20 nguvu yake huongezeka maradufu, hata kama kwa macho bahari haijabadilika sana. Anayekodi hurudi ufukweni, huomba ndogo zaidi na kuendelea. Aliyebeba mbili tu hulazimika kuchagua kati ya kuzidiwa na kukaa chini. Hapo ndipo ninapoiona faida kubwa ya kukodi: unalipia kuwa na kabati zima la saizi karibu nawe, na pesa unayookoa ni jambo la pili.

Sababu ya pili ni maji. Sisi wa ziwani tumezoea maji yanayokaa mahali pake, na mgeni kutoka Mwanza husahau kwamba Paje bahari huondoka. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana karibu na saa 4 au saa 5 asubuhi, na hujaa karibu na saa 10 au saa 11 jioni. Asubuhi hiyo utakuta eneo kubwa kati ya ufukwe na mwamba limebaki na maji ya kufika kifundoni, vigingi na kamba za mashamba ya mwani vimejitokeza, na kina mama wako kazini. Kilimo hicho kimekuwako Unguja tangu mwaka 1989, na saa za maji kupwa ndizo saa zao za kuvuna na kupanda. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu nimewaona wageni wakipita na ubao juu ya mashamba ya watu wakidhani ni nyasi tu. Kamba ya mwani iliyokatwa ni kipato cha mtu kilichopotea, na kigingi kilichofichika chini ya maji ya magotini kinaweza kukupasua mguu au kuchana kaiti. Muulize mwenye duka akuoneshe kwa mkono njia ya kupita na mipaka ya mashamba, kisha uifuate.

Wakati wa maji mafu, takriban wiki moja baada ya bamvua, mambo hugeuka: maji hujaa kwa kiasi karibu na saa 4 asubuhi, na kupwa kwake alasiri si kukubwa. Kila siku saa hizi husogea mbele kwa karibu dakika 50. Kwa siku kumi za likizo utaonja hali zote mbili, angalau kwa sehemu. Ndiyo maana ninakushauri usikodi kwa nusu siku zilizopangwa tangu mwanzo. Nusu siku ya asubuhi wakati wa bamvua ni fedha iliyotupwa, na alasiri yake nayo si ndefu, kwa kuwa mwezi Juni jua huzama saa 12 na dakika kama 20 jioni. Omba kifurushi cha saa ambacho unaweza kukitumia siku yoyote, au bei ya wiki ambayo inakuruhusu kuchukua vifaa maji yanapokuwa mazuri. Hapa nakiri wazi kwamba mwenye vifaa vyake ana uhuru ambao mkodi hana: halipii saa ambazo maji yamekwenda. Uhuru huo una thamani kubwa kwa kijana anayekaa miezi mitatu ufukweni, na thamani ndogo kwa baba ambaye saa za maji kupwa angependa kuzitumia na wanawe wakiokota makome na kutazama samaki wadogo waliobaki katika vidimbwi.

Hesabu ya fedha uifanye hivi, na uifanye kwa uaminifu. Kati ya siku kumi ondoa mbili za safari. Katika nane zilizobaki ondoa siku ambazo upepo hautatosha, siku ya kwenda Mji Mkongwe, na siku utakayomwachia mke wako apumzike huku wewe ukiwa na watoto. Watu wengi wa familia hubaki na siku nne au tano za kaiti, wala si nane walizoziota. Zidisha siku hizo kwa bei ya kukodi uliyopewa, kisha linganisha na bei ya vifaa vya rafiki yako, ukijumlisha usumbufu wa kwenda na kurudi, marekebisho, na ukweli kwamba kaiti huzeeka hata ikikaa begini. Usilinganishe na siku nane.

Sasa namna ya kukodi, maana kifaa kibovu cha kukodi ni kibaya kuliko kutokwenda majini kabisa. Kabla ya kulipa, omba kaiti ijazwe upepo mbele yako, funga vali, kisha iache ukae kivulini kwa muda wa robo saa. Ukirudi, bonyeza mrija wa mbele kwa kidole gumba. Kidole kikizama kuliko mwanzo, kuna tobo, na tobo dogo la ufukweni huwa kaiti isiyoweza kunyanyuka tena majini ukiwa mbali. Mrija huo ndio unaoifanya kaiti ielee na kupaa tena ikianguka, na ndio uvumbuzi ambao ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliuandikia hataza mwaka 1984. Kisha shika kitambaa katikati, ukisugue kwa vidole karibu na sikio. Kitambaa kizima hutoa mlio mkavu wa karatasi. Kilichochoka kwa jua hulegea kama khanga iliyofuliwa sana. Pitia ukingo wa nyuma ukitafuta uzi uliofumuka. Viraka si dhambi, ila kiraka kilichoanza kunyanyuka pembeni ni sababu ya kuomba nyingine.

Mpini ndio wa kukaguliwa zaidi. Funga ncha za kamba zote nne mahali pamoja, kwenye nguzo au mnazi, nenda hadi mwisho wake, uvute mpini kwa nguvu uliyo nayo. Mpini ukikaa sawa na kamba zote zikikazika pamoja, ni vema. Kamba moja ikilegea, kaiti itavuta upande mmoja siku nzima na utadhani kosa ni lako. Kisha vaa mkanda, ingiza kitanzi cha mpini katika ndoano ya mkanda, mwambie mtu avute kamba, nawe usukume kifungulio cha dharura, kile kinachokuachanisha na kaiti. Lazima kifunguke mara moja, kwa mkono mmoja, kamba zikiwa zimekazwa. Kikikwama kwa mchanga au kutu ya chumvi, rudisha. Tangu mwaka 2020 kuna kiwango cha kimataifa cha vifungulio hivyo, ISO 21853, na duka linalojali kazi yake litaweza kukuambia mipini yake ni ya mwaka gani. Usione haya kufanya ukaguzi huu mbele ya vijana wa duka. Walio wazuri watakuheshimu kwa hilo na watakusaidia kushika kamba.

Maswali matatu yajibiwe kwa maandishi kabla ya kulipa. Kwanza, kaiti ikichanika nani analipa, na analipa gharama ya fundi au bei ya kaiti mpya. Pili, je, boti ya kukufuata imo katika bei, na inafanya kazi hadi saa ngapi. Tatu, siku isiyo na upepo inahamishwa au inapotea. Wengi watataka pia ushahidi wa kiwango chako. Kama ulipojifunza ulipewa kadi ya IKO, shirika la kimataifa la mafunzo ya kaiti, ibebe, na kama hukupewa, kubali saa moja ya kutazamwa na mwalimu. Hata kama ungekuwa na kadi ningekushauri saa hiyo, kwa sababu umekaa muda bila kuingia baharini.

Nilisema ubebe vinavyoukaa mwili. Mkanda wa kukodi umekwisha kuchukua umbo la viuno vya watu wengi, na usiokukaa hupanda hadi mbavuni na kuharibu siku nzima. Wako uliokukaa vizuri una uzito wa kilo mbili au tatu tu. Jaketi na kofia ni hivyohivyo. Viatu vya majini vyenye soli ngumu vinunulie familia nzima, kwa sababu chini kuna matumbawe na viumbe vyenye miiba mirefu myeusi, na mtoto akikanyaga mwiba mmoja siku ya pili, likizo yake yote itakuwa ya kukaa kitini. Ongeza fulana za mikono mirefu za kuogelea. Ukimaliza kila siku suuza mkanda kwa maji yasiyo na chumvi, ukiuliza kwanza ni bomba lipi, maana visima vingi vya pwani ile vina maji ya chumvichumvi na kusuuza kwa maji hayo hakusaidii sana.

Kwa binti yako swali la kubeba halipo. Mwenye miaka 14 anahitaji mwalimu, na mwalimu huja na kaiti ndogo, mpini wa kamba fupi na mkanda wa saizi yake, vyote ndani ya ada ya somo. Mwili wake utabadilika kabla hujamaliza kulipia chochote utakachomnunulia. Mpangie masomo ya saa mbili mbili kwa siku tatu au nne, siku za mwanzo wa safari ili upepo ukikataa siku moja kuwe na nafasi ya kufidia, na uombe maji yanayomfika kiunoni, yanayopanda kuelekea kujaa. Tafadhali usimfundishe mwenyewe. Kuendesha kaiti vizuri na kumlinda mtoto aliyeshika kaiti ni kazi mbili tofauti, na ya pili inataka mtu asiye na haraka ya kwenda kuendesha yake. Mdogo wake wa miaka 9 atosheke na tiara ya mchangani. Uzito wake bado hautoshi.

Jibu langu lingebadilika katika hali mbili. Kama mngekuwa watu wazima wawili au watatu wenye uzito unaokaribiana na mnaopeana zamu, vifaa vya kubeba vingegawanyika gharama na vingetumika kila saa nzuri ya maji. Na kama ungekuwa unakwenda pwani zaidi ya mara moja kwa mwaka, ningekuambia nunua, lakini kwa saizi za bahari: mita 10 kwanza, halafu mita 8 au 9.

Hilo linanirudisha kwa rafiki yako. Usinunue seti nzima kwa sababu ya bei. Kwanza muulize mwaka wa kila kaiti na wa mpini, kisha ufanye ukaguzi uleule niliousimulia. Kaiti ya mita 9, ikiwa kitambaa bado kina mlio na tyubu haipotezi upepo, inakufaa na unaweza kuinunua peke yake kwa safari za mbele. Mpini wa zamani usiununue hata ukipewa bure. Na kama wazo lako ni kuitumia hapa ziwani, subiri mpaka uwe na mwenzako mwenye boti: upepo wa alasiri unaotoka ziwani utakurudisha nchi kavu, lakini nchi kavu ya Mwanza ni mawe makubwa, upepo wa asubuhi unaotoka nchi kavu utakupeleka ndani ziwani, maji ya kando yana kichocho, na hakuna duka la kaiti lenye kijana anayekutazama kwa darubini. Ubao mwachie auze kwa mwingine. Paje watakupa wa kukodi pamoja na kaiti.